Goti ya Jaduong' ama Miguu ya Watoi?

Omera, skiza. Hii stori tuimalize leo.

Kila wikendi kuna tournament ya basketi mahali. Leo Migori, next Rongo, ile ingine Oyugis ama Homa Bay town. Na kila mahali movie ni ile ile. Timu ya mtaa inashuka na wasee watano hakuna mtu anawajua. Sleeve mkono mmoja. Headband imekaza. Headphones za kuogopesha watu. Wamelipiwa fare kutoka Kisumu ama Nairobi, wanapiga game tatu, wanabeba kombe, wanapigwa picha na mheshimiwa, na jioni ikiingia wako stage wakiuliza gari ya mwisho. Jumatatu ukipita kwa court unapata ni wale watoi wetu tu. Kombe iko kwa ofisi ya mtu, juu ya kabati. Watoi hawajawahi hata kuigusa.

Mimi msimamo wangu siufichi. Hiyo si kuwin. Hiyo ni kurent. Timu za hii side, kutoka Isebania hadi Mbita, ziingize mayut saa hii. Wapewe dakika. Wapigwe. Walie kidogo, warudi Jumanne mazoezi. Season moja ya kuchapwa, hata mbili. Halafu tuone nani atakuja kutusumbua kwetu.

Hapo sasa ndio jaduong' anaamka.

Kila base iko na jaduong' wake. Kiti ya plastiki, gazeti ya juzi, maoni ya bure. Ukitaja tu neno "timu", anakupeleka 2006. Sony Sugar, Awendo, mabingwa wa ligi kuu ya football Kenya. Na hiyo heshima iko, siwezi kuikataa. Timu ya mji wa miwa iliwatoa mbio wakubwa wote wa nchi, ikabeba ligi ikaileta Migori. Hiyo ni kitu ya kujivunia hadi mwisho wa dunia. Shida ni vile anaitumia. Ati Sony walishinda juu walikuwa wanaume wamekomaa, kwa hivyo hata basketi iweke wanaume wamekomaa. Jaduong', point guard wetu amezaliwa 2008. Hiyo kombe yako ni kubwa yake.

Na kuna chapter huyu mzee huruka kila siku. 2019. Season ya 2019/20 ikiwa hata haijafika kati, Sony ilitupwa nje ya ligi juu ilikosa kutokea mechi tatu. Sheria ndio hiyo: walkover tatu, nenda nyumbani. Hawakutolewa na timu ya watoi wenye mbio. Walitolewa na mfuko. Club ilikuwa imeegemea kiwanda ya sukari, kiwanda ikaanza kukohoa, na doo ya kusafirisha wachezaji ikakosa. Mabingwa wa 2006, wameshindwa kufika uwanjani.

Kwa hivyo mtu asikudanganye ati timu za huku zinakufa juu ya mayut. Zinakufa juu ya fare. Sasa piga hesabu na mimi. Sema kila import anakula thao mbili: kuja, kurudi, fish ya lunch. Wako watano. Hapo thao kumi imeenda, na bado hujaongea allowance, na import huwa hasahau allowance. Hiyo doo ya wikendi moja inanunua ball ya ukweli, ile inadunda vile inafaa, na chenji ya maji inabaki. Hiyo ball watoi wanaitumia mwaka mzima. Import umemtumia Jumamosi.

Cheki timu mbili za basketi zinaitwa Thunder uone vile hii kitu inaenda.

Ya kwanza ni ya Oklahoma City. 2019 waliachilia Paul George aende Clippers, wakachukua kijana mwembamba anaitwa Shai Gilgeous-Alexander na rundo la draft picks. Watu wakacheka. Season ya 2020/21 walishinda game 22. Ile ikafuata, 24. Walikuwa wanachapwa hadi unahurumia mtu wa kupiga firimbi. Lakini hawakupanic. Pick moja ya hiyo deal ikawaletea Jalen Williams 2022, na draft hiyo hiyo wakabeba Chet Holmgren namba mbili. Fika Juni 2025: game seven na Indiana, huku kwetu ni saa tisa usiku, bundles zinapumua kwa mashine, simu iko red, na hao mayut wanabeba NBA baada ya kushinda game 68 za season. Shai MVP wa ligi. Shai MVP wa fainali. Wale walicheka walikuwa wamelala.

Sasa weka Brooklyn upande ule mwingine. 2013 walitaka ring hapo hapo, bila kungoja. Wakanunua Kevin Garnett akiwa miaka 37 na Paul Pierce akiwa 35 kutoka Boston. Magoti manne, omera, na yote iko na mileage. Wakalipa na picks za first round za 2014, 2016 na 2018, halafu wakaongeza haki ya kubadilishana ya 2017. Wakapata nini? Series moja ya playoffs. Moja! Boston na zile picks wakatoka na Jaylen Brown na Jayson Tatum, na 2024 hao wawili wakaleta kombe Boston. Brooklyn walilipia watu wengine ubingwa.

Thunder ya pili ni ya kwetu, Nairobi City Thunder. Hawa waliamua kuwin saa hiyo hiyo, na manze, walifanya kazi. 2023 Twende Sports wakachukua timu, doo ikaingia, mastaa wakaingia, Tylor Ongwae akiwa ndani, na 2024 wakachukua ligi ya Kenya. 2025 wakawa timu ya kwanza ya Kenya kucheza BAL. Hiyo ni respect kubwa na siongei mbaya juu yao. Lakini hata hao, walipofika Kigali hawakuvuka group. Na hiyo ni timu iko na wawekezaji, iko na ofisi, iko na gym. Wewe wa Rodi Kopany unataka kucopy hiyo na harambee ya WhatsApp? Harambee yenyewe watu wanatuma soo moja, halafu wanaleft group.

Hii somo haifai kutoka mbali, by the way. Sisi ni watu wa miwa. Kutoka Awendo hadi Ndhiwa, mtu yeyote atakuambia muwa wa huku unataka karibu mwaka na nusu shambani. 2023 watu walikosa subira, viwanda zikapigania miwa, michanga ikakatwa, hadi serikali ikasimamisha kusaga kuanzia Julai, miezi kadhaa, juu mashamba hayakuwa na kitu imeiva. Sasa angalia kocha wetu. Mtoi anaingia, anapoteza ball mara tatu, kocha anapiga nduru, anamtoa, anarudisha import. Huyo amekatwa akiwa mchanga. Hatapata sukari hapo. Atapata majani.

Sasa nikuonyeshe mahali dhahabu iko, na si ile ya Macalder.

KCSE huisha Novemba. Chuo zinafungua Agosti ama Septemba. Hapo katikati kuna miezi tisa hivi, na msee wa Form Four amekaa tu home. Amekomaa. Ana pumzi. Ametoka kucheza games za shule kila term one, amesukumana na wanaume wa Kisumu na Siaya kwa regionals. Na hakuna timu hata moja inampigia simu. Agoro Sare iko hapo Oyugis, jina kubwa kwa basketi ya shule Nyanza nzima. Kijana akitoka hapo anajua zone, anajua kubox out, anajua pick and roll akiwa amefunga macho. Desemba unampata wapi? Anaendesha nduthi ya anko wake, akingoja KUCCPS. Na hiyo wikendi timu ya mtaa yake imelipia mtu wa Nairobi fare.

Hiyo ndio inaniuma. Hiyo haswa. Tunalia hatuna wachezaji na wachezaji wanatubeba nyuma ya nduthi.

Hiyo ndio draft yetu, omera. NBA wanafanya Juni na masuti. Yetu ni Desemba, stage ya Oyugis, bila tie. Kocha mwenye akili anakuwa na orodha tangu Machi: nani anamaliza Agoro Sare, nani Homa Bay High, nani Kanga, nani Migori Boys. Anajua urefu, anajua mkono, anajua nyumbani kwao ni wapi. Na akienda chuo, Rongo University iko hapa hapa na Tom Mboya iko Homa Bay town, so si lazima apotee. Atakayeenda mbali aende na baraka, atarudi likizo.

Na mambo inachange mbio kuliko wazee wanavyojua. Grade 10 wa kwanza waliingia senior school Januari 2026, na moja ya zile pathway tatu ni Sanaa na Sayansi ya Michezo. KCSE ya mwisho ni 2027. Serikali nzima imekaa chini ikakubali game ni masomo. Jaduong' bado ako kwa kiti akisema basketi haileti ugali, halafu anarudi 2006.

Usisahau manzi pia. Mayut nikisema si machali peke yao. Dem anatoka shule akiwa na handle za kuvunja mtu ankle, na akimaliza Form Four hakuna court inamngoja kabisa. Machali angalau wanaitwa kujaza namba. Timu ya kwanza hii side kuweka squad ya manzi seriously, yenye mazoezi na jezi zao wenyewe, si za machali zimebaki, itatawala bila mpinzani. Andika hiyo.

Kuna kitu niliona Homa Bay haijanitoka kichwani. Court ya simiti. Ringi imeinama mbele, neti ilienda zamani. Sub inaitwa. Refa anapuliza, halafu anangoja. Anangoja nini? Mtoi anayetoka na anayeingia wako na ndula moja. Anayetoka anaketi chini hapo kwa line, anafungua kamba, anavua. Anayeingia anazivaa zikiwa bado moto, size imemzidi, so anaongeza soksi ya pili. Anakaza kamba hadi mara ya mwisho, anasimama, anaruka mara mbili kuzitest. Benchi ile ingine kuna import amevaa Jordan safi, hajatoa hata jasho ya paji. Game inaanza. Mtoi wa ndula ya kukopa anasoma pass ya kwanza, anaiba, anaenda peke yake, layup. Court nzima ikapiga nduru. Mathe wa mahindi choma akaacha mahindi.

Uniambie huyo hayuko ready. Niambie ukiniangalia machoni.

Na hapo unapata jibu ya ile swali unanisumbua nayo: "Na fans je? Tukipoteza nani atakuja?" Fans wa huku wanakuja kuona mtu wanamjua. Import akidunk, watu wanasema "sawa." Mtoi wa mama omena akidunk, soko inafungwa. Watu wa hii side hawaogopi kujaa mahali. Uliona Madaraka Day ya 2025 vile Raila Odinga Stadium Homa Bay ilikuwa. Watu wapewe kitu yao, watakuja. Wapewe wageni wa saa sita, watakaa home waangalie Premier League.

Sasa wacha tuongee magoti, maanake nimeyaonea sana.

Sijasema wachezaji wakubwa wafukuzwe. Weka wawili. Wawili, si kumi. Ile timu iko na forwards wanne na wote wamefunga bandage kwa goti, hiyo si timu, hiyo ni wodi. Wakikimbia unasikia magoti kabla usikie ball. Lakini wale wawili wa maana, wale wamekulia kwa hiyo court na bado wanaipenda, hao ni lazima. Juu kuna kitu watoi hawana na YouTube haitawapea. Dakika mbili za mwisho, mko juu na point tatu. Mtoi anataka kutupa thrii ya mbali juu manzi yake amesimama hapo kando. Mzee wa timu anachukua ball, anatembeza, anaongea na kila mtu kwa jina, anakula saa, anapigwa foul. Game imeisha. Goti yake inauma hadi Alhamisi na hajali. Huyo alipwe kwanza kabla ya import yeyote. Apewe pia kazi ya kufunza, kwa heshima, na isemwe mbele ya watu.

Na kocha akienda kuomba kijana nyumbani, asiende na kelele za mtaa. Hapo Sheng inaachwa kwa gate. Avue kofia, aingie, asalimie, akae, akubali chai. "Mama, nimekuja kuhusu kijana. Mazoezi ni Jumanne na Alhamisi. Saa kumi na mbili unusu atakuwa hapa, na mimi mwenyewe ndio nitamleta." Halafu amlete saa hiyo kweli. Ukimrudisha mtoi wa watu saa tatu usiku mara moja tu, umepoteza yeye, umepoteza ndugu zake wadogo, na umepoteza hiyo mtaa yote. Kina mathe wanaongea kuliko Twitter.

Kuna jambo moja lazima niseme kabla ya season ya siasa kuiva. 2027 iko hapo, na makombe yatamwagika. Utaona tournament kila kijiji. Utaona jezi yenye uso wa mheshimiwa, uso mkubwa kuliko namba, hadi refa anashindwa kuandika foul ni ya nani. Hiyo jezi ni aibu, na ukiivaa nje ya court ni aibu mara mbili. Luku imekufa. Shida kubwa si uso lakini. Shida ni vile makombe ya kura yanalazimisha timu kutafuta ushindi wa siku moja. Mheshimiwa anataka picha Jumamosi, so kocha anaita imports Ijumaa. Kura zikihesabiwa, tournament imepotea, mheshimiwa hapokei simu, na watoi wamekaa benchi mwaka mzima wakimshikia mgeni maji. Chukueni doo yake, kwa moyo safi. Mwambieni anunue ball tatu, ringi mbili zenye spring na rangi ya kuchora lines. Akitaka uso wake mahali, achorwe kwa ukuta.

Plan yangu kwa timu yoyote ya hii side iko hivi. Import sufuri, mwaka mzima. Wakubwa wawili. Mayut nane, na angalau watatu wao wako court kila saa, hata tukiwa chini na ishirini, hata jaduong' akitoa povu. Doo ya fare ya wageni inanunua ndula za camera pale soko ya Migori, kila mtu yake, size yake. Season ya kwanza tutachapwa, na tutachapwa mbaya Kisumu, na wasee watatuchomea kwa status siku tatu. Wachome. Ya pili tutapoteza na point nne nne. Ya tatu hao watoi watakuwa miaka 20, wamecheza pamoja game hadi wanapasiana bila kuangaliana, na ile timu ya sleeve mkono mmoja itashuka hapo stage ikitafuta mteremko.

Mazoezi ni Jumanne, saa kumi jioni. Kuja na maji yako. Na ukimaliza KCSE juzi, acha nduthi kwa anko.